Garratt ya daraja la 59 dhidi ya dizeli: sikilizeni kwanza, mbishe baadaye

Hamjambo jamani, karibuni tena kwenye chaneli yenu, kutoka hapa hapa Mombasa. Vaeni iyafoni kabla hatujaanza, maana bidhaa ya leo ni ya kusikiliza kuliko kutazama. Kwenye video ya vichwa vya dizeli vya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, wengi mlibisha: mvuke ni chuma chakavu, dizeli ilishinda kitambo. Haya. Nusu nawakubalia, nusu mniachie.

Tunachambua Garratt ya daraja la 59, yale madubwana ya mvuke ya iliyokuwa Reli ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34, na Beyer, Peacock wa Manchester, katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima yetu. Kwenye reli ya upana wa mita moja, injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda haijawahi kutengenezwa popote. Zaidi ya tani 250, zinachoma mafuta mazito. Vipimo vingine naviacha. Kimoja tu: ilifungwa mzigo wa tani 1,200 hapa pwani ikapande nao hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Sasa sikilizeni klipu hii. Pu, pu, pu, pu. Kila pigo ni silinda inatema mvuke uliomaliza kazi. Pistoni husukumwa kwenda na kurudi, kwa hivyo gurudumu likizunguka mara moja, kila silinda imetema mara 2. Silinda 2, mapigo 4. Hiyo ni injini ya kawaida. Garratt ina seti 2 za mitambo, moja mbele na moja nyuma, boila imebebwa katikati, na hakuna chuma kinachofunga magurudumu ya seti moja na ya nyingine yaende sawa. Subirini... hapo! Mmesikia? Yalikuwa mapigo 4 mazito, seti zote zinapiga pamoja. Sasa moja imechelewa kidogo, kila pigo linapasuka, yanakuwa 8 mepesi mepesi, halafu taratibu yanarudiana. Kama mpiga chapuo na mpiga vumi wanaotafutana. Ningeweza kukaa na klipu hii mpaka betri ya simu iishe.

Narudisha nyuma, maana utamu uko hapa. Mvuke ule hautoki bure. Unapitia mdomo mwembamba chini ya dohani, na kwa kasi yake unafyonza hewa ya chumba cha moshi, hewa mpya inavutwa kupitia moto. Mzigo ukizidi, pigo linakuwa kali, na moto unavutwa zaidi. Hakuna feni, hakuna kompyuta. Kazi yenyewe inachochea moto. Fayamani, yaani mchochea moto, anabaki na valvu ya mafuta, jicho kwenye dohani. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Dohani safi bila hata ukungu, hewa imezidi na boila inapoa. Anachotaka ni kijivu chepesi tu.

Na dereva anayasoma mapigo hayo. Kabla ya kuondoka anafungua vijibomba vya maji chini ya silinda, kwa sababu mvuke ukikutana na chuma baridi hugeuka maji, na maji hayabanwi: pistoni ikiyagonga, kifuniko cha silinda kinaweza kupasuka. Kisha wenzo wa valvu unapelekwa mbele hadi mwisho, mvuke uingie kwa karibu robo tatu ya mwendo wa pistoni. Mwendo ukishika, anaurudisha hadi robo hivi, mvuke kidogo uingie na umalizie kazi kwa kutanuka. Sikia tofauti: mwanzo "puuh, puuh", sasa "pa, pa, pa". Asiporudisha, maji na mafuta yatamwishia njiani.

Halafu hapa: pupupupupu! Magurudumu yameteleza. Reli ikiwa na umande kwenye mwinuko, kama ule wa kuelekea Mazeras, ni jambo la kawaida. Anafunga mvuke kwanza, yatulie, ndipo anamwaga mchanga. Akimwaga yakiwa bado yanazunguka ovyo, yatashika ghafla na vyuma vya kuyaunganisha vinaweza kupinda. Pigo moja likiwa zito na la pili dhaifu, fundi anajua valvu imepoteza mpangilio kabla hajashika spana.

Dizeli je? Injini inazungusha jenereta, umeme unaenda kwenye mota za ekseli. Mngurumo unakwambia injini iko kasi gani, lakini magurudumu hayasemi kitu. Yakiteleza, mitambo inahisi, inapunguza umeme, taa inawaka kwa dereva. Salama, sawa. Lakini masikioni ni jenereta ya hoteli tu.

Ila tusidanganyane. Kuna wenzetu mitandaoni wanasema mvuke uliuawa na njama za wauza mafuta. Garratt hizi zenyewe zilichoma mafuta! Hesabu ndiyo iliyoua. Katika joto la mafuta, injini ya mvuke hutoa kazi chini ya asilimia 10. Dizeli ni karibu 30. Kwa bei ya mafuta tunayolipa sasa, nani atakata tiketi hiyo? Dizeli unaiwasha na baada ya muda mfupi inaondoka. Boila kubwa iliyopoa inataka saa nyingi, kwani ukiiharakisha, mabati na mirija hutanuka kwa viwango tofauti na viungo vinavuja. Dizeli 2 unaziunga kwa kebo, dereva mmoja. Mvuke kila kichwa kina watu wake. Na maji yenye madini yanaacha ukoko kwenye mirija, joto halipiti, kwa hivyo boila inapozwa na kuoshwa kila mara. Maji yakishuka chini ya dari la chumba cha moto, chuma kinalainika, na hapo ni mlipuko. Kile kioo kinachoonyesha kiwango cha maji hakiondolewi macho.

Wanaouliza ziko wapi: Makumbusho ya Reli, Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, inakushusha Syokimau, unachukua treni ya kuunganisha hadi stesheni ya mjini. Ukifika usiishie kupiga selfi mbele. Inama pale boila inapokutana na fremu za magurudumu, utafute mabomba ya mvuke yenye viungo vinavyozunguka. Garratt hujipinda kwenye kona, na viungo hivyo vikichakaa huvuja na kula nguvu. Nipigieni picha za karibu, video ijayo ni ya viungo hivyo tu. Kengele iko hapo chini.