Lilikuwa limezimwa, likanipiga

Nianze kwa haki yake: jiko hili la umeme la koili linachemsha upesi, na kwa miezi kadhaa sikuwa na neno nalo. Ungeniuliza wakati ule ningekuambia nunua tu.

Halafu siku moja maziwa yakafurika. Nikazungusha swichi mpaka sifuri, taa ikazimika, nikasubiri koili ipoe kabisa. Nikachukua kijiko nikwangue ukoko uliogandia kwenye ile mifereji inamolala koili. Sijui kijiko kiliruka wapi. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mkono unatetema hadi begani, na jiko limezimwa! Limepoa!

Nikampigia aliyeniuzia. Hata sijamaliza: "Sasa dada, kijiko cha chuma kwenye koili, ulitegemea nini?" Nikamwambia nilikuwa nimezima. Akacheka. Jamani, akacheka! Eti majiko yote ndivyo yalivyo.

Fundi hakucheka. Aligusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye koili, swichi ikiwa sifuri, testa ikawaka. Akachomoa plagi, ile ya pini mbili inayoingia upande wowote, akaigeuza na kuichomeka tena. Testa kimya. Kumbe swichi inakata waya mmoja tu. Ukiwa laivu, yaani ule unaoleta umeme, umepona. Ukiwa nyutro, ule wa kurudishia, koili inabaki na volti 230 zake huku ni baridi kama maji ya mtungi. Na koili yenyewe ni waya mtupu, si kama ya birika ambayo waya wake umezikwa kwenye unga usiopitisha umeme ndani ya bomba la chuma. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, je? Haupo, na bodi nzima ni bati. Kwa hiyo kila nilipozima nilikuwa nacheza bahati nasibu bila kujua.

Fundi naye aliniuliza kwa nini sikuchomoa plagi kwanza. Sawa, hapo kosa ni langu, nakubali, na siku hizi nachomoa hata nikipangusa vumbi tu. Lakini sifuri iliyoandikwa pale kwenye swichi ni ya nini? Pambo?

Nilikaa kuandika nikiwa na nyota tatu mkononi, maana kwa kuchemsha halina mpinzani. Nikafika kwenye ile shoti zikawa mbili. Nimekumbuka kicheko, imebaki moja, nayo ni ya fundi.