Microsoft Teams kazini: nzuri kwa anayejua faili zake zinalala wapi

Malalamiko kuhusu Microsoft Teams, programu ya mazungumzo, mikutano na kazi za pamoja ofisini, huja kwa sura nyingi. Huyu anasema faili imepotea, yule anasema mgeni kaona asichopaswa kuona, mwingine rekodi ya mkutano haionekani tena. Ukiyafuatilia mpaka mwisho, mengi yana mzizi mmoja: watumiaji hawakuambiwa kwamba Teams yenyewe si ghala la faili. Ni dirisha tu la kuzitazamia. Faili ziko SharePoint, yaani tovuti za faili za pamoja, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya kila mtumiaji, na huko kuna taratibu zake.

Tunaizungumzia hapa Teams ya kulipiwa, ile inayokuja pamoja na Microsoft 365. Ilizinduliwa rasmi Machi 2017, na mwaka 2023 programu ya kompyuta ikaandikwa upya, ikawa nyepesi kuliko ile ya mwanzo. Kwa ofisi ambayo kazi yake ya kila siku ni Word, Excel na Outlook, tunaipendekeza bila kusita: watu kadhaa kuhariri hati moja kwa wakati mmoja, huku mazungumzo ya hati hiyo yakiwa pembeni yake, ni jambo inalolifanya vizuri sana. Kwa kikundi kinachotaka kuzungumza tu, ni mzigo mkubwa kuliko safari. Slack, programu shindani ya mazungumzo ya kazini, inaendesha mazungumzo kwa wepesi zaidi, ila mpango wake wa bure unaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na ulio na zaidi ya mwaka mmoja unafutwa kabisa. Anayeutegemea kama kumbukumbu ya ofisi ataumia.

Faili zinalala wapi

Ukiunda timu mpya, papo hapo inaundwa tovuti ya SharePoint ya timu hiyo. Kila chaneli ya kawaida, yaani sehemu ya mada fulani inayoonwa na timu nzima, inapata folda yake ndani ya maktaba ya tovuti hiyo. Chaneli ya faragha, inayoonwa na wanachama walioteuliwa tu, haipati folda humo. Inapewa tovuti yake yenyewe, yenye ruhusa zake, na ya kushirikiwa na watu wa nje ya timu ni vivyo hivyo. Faili uliyoituma kwenye gumzo, liwe la watu wawili au la kikundi, haigusi tovuti ya timu kabisa. Inakaa OneDrive ya aliyeituma, na wenzake wanapewa ruhusa ya kuifungua tu.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinapoumia. Mfanyakazi aliyekuwa akituma kila kitu kwa gumzo anaacha kazi, akaunti yake inafutwa, na OneDrive yake inaanza kuhesabu siku. Kama msimamizi wa mfumo hajabadilisha mpangilio, inahifadhiwa siku 30, kisha inaingia hali ya kufutwa kwa siku 93 ambapo ni msimamizi peke yake anayeweza kuirudisha. Baada ya hapo hakuna kurudi. Kwenye gumzo linki bado inaonekana vizuri tu, lakini ukiibofya haifunguki. Kwa hiyo weka kanuni moja na uisimamie: rasimu ya kuonyeshana ipite kwenye gumzo, ila hati ya kazi ipakiwe kwenye chaneli, na kwenye gumzo itumwe linki yake.

Watumiaji wa Google Drive wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Faili iliyo kwenye hifadhi binafsi ni mali ya akaunti ya mtu, ilhali iliyo kwenye hifadhi ya pamoja ni mali ya shirika. Tofauti ni kwamba Google wanaionyesha wazi pembeni mwa skrini. Teams inaificha nyuma ya kichupo cha faili, na hilo tunalihesabu kuwa kasoro ya usanifu, si uzembe wa watumiaji.

Jambo jingine la kupanga mapema ni aina ya chaneli. Chaneli ya kawaida haigeuzwi kuwa ya faragha baadaye. Ukianzisha chaneli ya mishahara kama ya kawaida, ukashtuka baada ya miezi miwili, itabidi uunde mpya ya faragha na kuhamisha faili kwa mkono. Mazungumzo ya zamani hayahami nazo.

Kusawazisha: msaada mkubwa, hatari kubwa

Faili za chaneli zinaweza kuonekana kwenye kompyuta kama folda ya kawaida. Njia ni mbili: kusawazisha maktaba moja kwa moja (yaani ya kwenye kompyuta na ya mtandaoni zilingane kila wakati), au kuweka njia ya mkato ya folda hiyo ndani ya OneDrive yako. Chagua moja. Ukichanganya zote mbili kwa folda ileile, zitagongana na utaletewa ujumbe wa kosa usioeleweka. Sisi tunapendelea njia ya mkato, kwa sababu inakufuata kwenye kila kompyuta unayoingia kwa akaunti yako.

Hatari iko hapa: folda hiyo si nakala yako. Ukifuta faili ndani yake, umewafutia wote. Ukiiburuta kwenda kwenye eneo-kazi la kompyuta yako ili uifanyie kazi kwa utulivu, umeiondoa kwenye maktaba ya timu, na dakika chache baadaye kuna mtu anauliza faili imekwenda wapi. Anayetaka kubaki na nakala yake ainakili, asiihamishe. Na anayetaka kupunguza nafasi kwenye diski asifute. Abofye faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuachia nafasi, hapo inabaki mtandaoni tu.

Ajali ikishatokea, usianze kupakia upya nakala za zamani kutoka barua pepe, kwani utazaa matoleo mawili yanayopingana. Fungua tovuti ya SharePoint ya timu kwenye kivinjari, nenda kwenye pipa la takataka la tovuti: vitu hukaa humo siku 93 tangu kufutwa. Kama faili ipo ila imeharibiwa na mhariri mwingine, tumia historia ya matoleo, chagua toleo la kabla ya uharibifu, litazame kwanza, ndipo ulirejeshe. Timu nzima au chaneli iliyofutwa ina muda mfupi zaidi, siku 30.

Tatizo linalosumbua kimyakimya ni urefu wa njia ya faili, yaani anwani yake yenye majina ya folda zote mpaka kuifikia. SharePoint inakubali njia ya hadi herufi 400, lakini Excel ya kwenye kompyuta inagoma ikizidi 218, ikihesabiwa pamoja na jina la faili lenyewe. Ikisawazishwa, njia inaanza na jina la mtumiaji, ikafuata jina la shirika, la timu na la chaneli, kabla hata hujafika kwenye folda zako. Timu inayoitwa "Idara ya Fedha na Mipango Makao Makuu", yenye chaneli "Taarifa za Robo Mwaka", imeshakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Dalili yake ni ya kipekee: faili inafunguka vizuri kwenye kivinjari, ila ukiibofya kwenye folda ya kompyuta inakataa. Fupisha majina ya juu, usiweke folda ndani ya folda zaidi ya ngazi tatu, na epuka alama hizi kwenye majina: " * : < > ? / \ |

"Faili imefungwa na mtumiaji mwingine"

Ujumbe huu ukitokea, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza umbizo: faili ya .xls au .doc haihaririwi na watu wengi kwa pamoja, ihifadhi upya kama .xlsx au .docx. Pili, nywila ya kufungulia: faili yenye nywila hufunguliwa na mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo ondoa nywila na badala yake tumia ruhusa za folda au chaneli ya faragha. Tatu, tazama kama kuna mtu aliyeichukua faili kwa uhariri wa peke yake. Kwenye maktaba utaona alama ndogo kando ya jina. Nne, toleo la Office: mwenye Office ya zamani sana anaweza kuwafungia wengine bila kujua. Mara nyingi huhitaji kufika hatua ya nne.

Wageni na wamiliki

Mgeni unayemwingiza kwenye timu anaona chaneli zote za kawaida na faili zake zote, za leo na za zamani. Hilo halisemwi kwa sauti ya kutosha mahali popote ndani ya programu. Kwa mteja au mkandarasi wa muda, unda timu yake ya pekee au chaneli ya kushirikiwa, usimwingize kwenye timu ya idara. Kama unachotaka ni kupiga gumzo naye tu, mawasiliano ya nje yanatosha, na hayo hayampi faili za timu.

Kila timu iwe na wamiliki angalau wawili. Mmiliki pekee akiondoka, hakuna anayeweza kuongeza wanachama wala kubadilisha mipangilio mpaka msimamizi wa mfumo aingilie kati.

Mikutano, kwa kifupi

Sauti na picha ni za kuaminika. Vifupisho viwili vinalipa: Ctrl+Shift+M kuzima na kuwasha maikrofoni, na kushikilia Ctrl+Space ukitaka kusema neno moja kisha maikrofoni ijizime ukiachia. Rekodi zina tarehe ya kuisha, ambayo kwa kawaida ni siku 120 kama msimamizi hajaibadilisha. Rekodi ya mkutano wa chaneli huenda kwenye maktaba ya timu. Ya mkutano wa kawaida huenda OneDrive ya mtu, na sheria za OneDrive tulizozieleza juu zinaihusu pia. Mkutano wa mafunzo utakaotazamwa mwaka mzima uitishwe ndani ya chaneli, na siku hiyohiyo tarehe ya kuisha iondolewe.

Kujifunza pamoja ndani ya ofisi

Hapa ndipo tofauti kati ya ofisi inayoifurahia Teams na inayoichukia inapoonekana, na hapahitaji leseni ya ziada. Unda chaneli moja ya maswali iliyo wazi kwa wote. Chagua mtu mmoja wa kuulizwa katika kila idara, anayependa kusaidia kuliko anayejua zaidi, na mkuu wake amtengee muda rasmi kila wiki kwa kazi hiyo. Swali likiulizwa kwa ujumbe binafsi, ajibu kwa upole: "Tafadhali liweke kwenye chaneli, nitakujibu pale," na afanye hivyo kweli. Majibu yanayobaki kwenye gumzo la watu wawili yatatafutwa upya kila mwezi.

Wafundishe watu kujibu chini ya swali husika badala ya kuanzisha mada mpya. Chaneli yenye majibu yaliyotawanyika haisomeki, na utafutaji wake hausaidii. Wajue pia kwamba Shift+Enter inashusha mstari bila kutuma, na Ctrl+Shift+X inapanua kisanduku cha kuandikia ili ujumbe mrefu usiondoke nusu.

Ubora wa swali ndio unaoamua kasi ya jibu. "Teams haifungui faili, naomba msaada" litavuta maswali matano kabla ya jibu la kwanza. Linganisha na hili: "Naomba msaada. Faili ya bajeti kwenye chaneli ya Mipango inafunguka kwenye kivinjari, lakini Excel ya kompyuta inaikataa. Imeanza leo baada ya folda kuhamishiwa ndani ya folda nyingine. Natumia Windows, mwenzangu wa Windows ana tatizo hilohilo, wa Mac hana. Picha ya ujumbe wa kosa hii hapa." Aliyesoma sehemu ya urefu wa njia hapo juu ameshajua pa kuanzia.

Kabla ya kuuliza, kila mtu ajaribu mambo matatu. Fungua Teams kwenye kivinjari: kama tatizo halipo huko, kosa liko kwenye programu ya kompyuta. Jaribu dirisha la faragha la kivinjari: kama linafanya kazi, kuna akaunti mbili zinazogongana au kumbukumbu za zamani zilizobaki. Kisha, kwenye Windows, ingia mipangilio, orodha ya programu, Teams, chaguo za ziada, na uirejeshe katika hali ya mwanzo. Ujumbe wako haupotei kwa kufanya hivyo, kwa sababu uko kwenye seva. Utatakiwa tu kuingia upya. Kama tatizo ni la ruhusa, na umeongezwa kwenye timu asubuhi hiyo, subiri kwanza: mabadiliko ya uanachama yanaweza kuchukua saa kadhaa kufika kila mahali.

Majibu mazuri yahamishwe kutoka kwenye mazungumzo kwenda kwenye daftari la OneNote lililobandikwa juu ya chaneli. Kila jibu liwe na tarehe, mfumo lililojaribiwa na jina la aliyelithibitisha. Tarehe si urembo: Microsoft hubadilisha vitufe na kuondoa vipengele mara kwa mara. Kichupo cha Wiki, kurasa za kuandikia maelezo ya pamoja zilizokuwa ndani ya Teams, kiliondolewa, na ofisi zilizokuwa zimeandika maelekezo yao yote humo zikalazimika kuyahamisha. Eleza hatua kwa kutaja unachokitafuta, si rangi wala mahali pa kitufe. Picha za skrini ziwe chache, na mtu wa kuulizwa apitie daftari kila robo mwaka, akifuta kisichofanya kazi tena badala ya kuandika kando yake kwamba kimebadilika.