Trela ya Malazi kwa Safari ya Kikazi: Dallas hadi Minneapolis

Trela ya malazi yenye urefu wa futi 22, niliyoikodi kwa wiki tatu na kuivuta kwa pikapu kupitia barabara kuu ya I-35, iliniwezesha kufanya kazi mchana na kula chakula cha jioni kwa ndugu zangu wa Kansas City na Des Moines bila kuwabana vyumbani. Meza yake yatosha kompyuta na daftari. Umeme ndio ulionisumbua, kwani kwenye soketi ya nyumbani ya ampea 15 kiyoyozi na maikrowevu havikuweza kutumika kwa pamoja, na mara mbili swichi ya usalama ilijizima nikiwa katikati ya kikao. Kumwaga tangi la choo, kusema kweli, hakuzoeleki. Hata hivyo, shangazi aliponitandikia kitanda ndani, nilimwomba radhi nikarudi kulala kwenye trela.