Kabla ya kununua amplifaya ya stirio, uliza kuhusu nobu ya sauti

Wengi huuliza wati kwanza. Mimi huuliza sauti inapunguzwa na nini. Anayesikiliza usiku kwa sauti ya chini anaijua adha hii: mwimbaji anaegemea kushoto, na ukiongeza sauti anarudi katikati. Spika hazina kosa. Ndani ya potenshiomita ya stirio, yaani kifaa kinachozungushwa na nobu ili kupunguza sauti, mna njia mbili za kaboni, moja kwa kila upande, nazo hazifanani kabisa. Tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 huruhusiwa kiwandani, na huwa mbaya zaidi nobu ikiwa karibu na sifuri. Desibeli 2 ni tofauti ya takriban asilimia 26 ya volti, na sikio linaipata.

Kwa wanunuzi wengi naweka mbele amplifaya yenye chipu ya kupunguza na kuongeza sauti, mfano CS3310 au PGA2311. Inapanda kwa hatua za nusu desibeli, pande zote mbili zikilingana karibu kabisa, na hakuna kaboni ya kuchakaa ikaanza kukwaruza.

Ya pili ni ya relei (swichi zinazowashwa kwa umeme) na rezista (vizuizi vya umeme) zinazokosea kwa asilimia 1 tu. Relei 6 zinatoa hatua 64. Usawa wake ni mzuri mno, ila ni ghali na hulia tik-tik unapozungusha. Swichi ya hatua 24 naiweka ya tatu: ni sahihi, lakini hatua zake ni pana. Hatua hii sauti ni ndogo, inayofuata imezidi.

Potenshiomita nazo si za kutupwa zote. ALPS RK27 ni afadhali kuliko zile ndogo za bei rahisi. Hizo ndogo ziepuke hasa kama hedifoni zako ni nyepesi kupiga kelele, maana nobu haitatoka pale mwanzoni penye kasoro.

Dukani, cheza sauti ya mtu anayezungumza, iliyorekodiwa mono (sauti ileile pande zote mbili), kwa sauti ya chini. Ikiegemea upande, geuza hedifoni. Ikibaki sikio lilelile, tatizo ni sikio lako. Ikihama, ni vifaa. Sasa ongeza sauti: ikirudi katikati, umempata mkosaji, ni potenshiomita.

Kama umeshanunua, punguza geini (kiwango cha kukuza sauti) ya amplifaya au sauti ya simu inayocheza muziki, kisha pandisha nobu hadi karibu na katikati. Huko njia zile mbili hulingana zaidi.