Sherehe za duniani: tathmini kwa kipimo cha karamu ya Mwana-Kondoo

Alama kwanza, sababu baadaye. Sherehe ya duniani ikichukuliwa kama kionjo cha karamu ya Mwana-Kondoo, yaani karamu ya arusi ya Kristo na watu wake inayotajwa katika Ufunuo 19, inastahili nne kati ya tano. Ikichukuliwa kama makao ya furaha, haipati hata moja. Bidhaa ni ileile. Tofauti ni kazi ambayo mwenye sherehe ameipa.

Wapo Wakristo wanaoinyima hata hizo nne, wakidhani kicheko na ngoma ni mali ya shetani. Maandiko hayako upande wao. Kumbukumbu la Torati 14 inamruhusu anayekaa mbali na patakatifu auze zaka yake, afunge fedha mkononi, aende akanunue chochote roho yake inachotamani, divai ikiwemo, ale na watu wa nyumbani mwake na kufurahi mbele za Bwana. Sura ya 16 inaamuru siku saba za Sikukuu ya Vibanda. Na kwenye arusi ya Kana, divai ilipowatindikia, Yesu aliagiza yajazwe maji mabalasi sita ya mawe, akayageuza kuwa divai; kila moja lilichukua nzio (kipimo cha kale) mbili au tatu: kwa jumla takribani lita 470 hadi 700. Kuziba pengo la jioni moja kusingehitaji hata robo yake. Yohana anaiita ishara, na ishara kazi yake ni kuelekeza kwingine.

Hitilafu ya kwanza ya sherehe zetu ni muda, nayo haitibiki kwa kuongeza siku. Ahasuero, mfalme wa Uajemi, alikaribisha wakuu wake kwa siku 180, akaongeza nyingine saba kwa watu wa Shushani. Siku ya saba, divai ikiwa imemchangamsha, akaagiza Malkia Vashti aletwe watu wautazame uzuri wake. Akakataa, na karamu ikaishia kwenye ghadhabu na amri ya kifalme. Hapakukosekana kitu pale. Furaha inayoletwa na vitu hudai nyongeza, na vitu vikifika ukomo, humgeukia binadamu na kumfanya pambo. Belshaza naye, mfalme wa Babeli, mbele ya wakuu 1,000, aliona vikombe vyake havitoshi mpaka viletwe vyombo vya hekalu la Yerusalemu. Usiku uleule akauawa. Sherehe ambayo lazima ipite ya mwaka jana ndipo isemwe imefana, imeshaambukizwa ugonjwa huohuo.

Hapo huja swali ambalo wahubiri wengi hulikwepa: kama siku 180 zinachosha, milele je? Kinachochosha ni kitu tulichokwisha kukimaliza. Askofu Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alilishika neno la Paulo la kuyachuchumilia yaliyo mbele (Wafilipi 3:13) na kufikiri hivi: Mungu hana mpaka, basi anayemkaribia hupanuliwa apokee zaidi, na kushiba kwake kunamwongezea hamu. Ndiyo maana Zaburi 16:11 inaiweka furaha tele "mbele za uso wako". Isaya 25 inataja vinono na divai iliyotulia, halafu papo hapo inaingia mahali ambapo mpishi hana la kufanya: mauti inamezwa, na machozi yanafutwa katika nyuso zote. Sherehe ya hapa ikimpata mfiwa humwahirishia kilio kwa saa chache, na wakati mwingine humzidishia, maana kila anayecheka anamkumbusha asiyekuwepo.

Hitilafu ya pili ni orodha ya wageni. Luka 14:12-14 inasema wazi: waalikwe maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kulipa. Wengi hulipenda andiko hili na kulishindwa kwenye karatasi, kwa sababu moja ya kawaida kabisa. Huanza kuandika jamaa, marafiki, wakubwa. Nafasi zikijaa, mkasi huanzia chini, na chini ndiko walikowekwa wasio na cha kurudisha. Wanaoandikwa kwanza ndio hubaki. Sehemu za wasioandaliwa kitu, ambazo Nehemia 8:10 inaagiza wapelekewe, zitengwe kabla chakula hakijaanza kugawiwa. Zikingojewa mwisho zitakuwa makombo, na makombo yana salamu yake. Korintho waliharibu hata meza ya Bwana kwa njia hii: kila mtu alitangulia kula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Dawa ya Paulo ni neno moja: mngojane.

Ndugu mkubwa wa mwana mpotevu ni kasoro ya aina nyingine. Chakula kipo, nyimbo na machezo anazisikia, mlango uko wazi, naye amesimama nje akihesabu mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Furaha ya mbinguni katika Luka 15 inawaka kwa sababu ya mwenye dhambi mmoja atubuye. Asiyeweza kumfurahia mwenzake aliyesamehewa angeiona mbingu yenyewe kama uonevu.

Mavazi ni jambo fupi. Aliyeingia bila vazi la arusi katika Mathayo 22 alitekewa, hakuwa na jibu. Katika Ufunuo 19 kitani nzuri ni matendo ya haki ya watakatifu, na bado limesemwa kwamba bibi arusi *amepewa* kujivika. Hilo "amepewa" lisirukwe.

Lakini kosa baya kuliko yote hufanywa na sherehe iliyokwenda vizuri. Katika mfano wa karamu kubwa (Luka 14), walioalikwa walitoa udhuru: wa kwanza alitaka kutazama shamba, wa pili kujaribu ng'ombe jozi tano, na wa tatu alisema ameoa mke. Huyo wa tatu hata hakuomba radhi. Arusi yake ndiyo iliyomnyima karamu. Kwa hiyo sherehe ikigusa ibada, ikazaa deni lisilolipika au ugomvi wa kudumu ndani ya nyumba, ipunguzwe pale pale, hata kama kila kitu kimeshaagizwa. Na ikiisha, mfano wa Ayubu unafaa: zamu za karamu za wanawe zilipotimia, aliwatakasa, akadamka asubuhi kuwatolea sadaka za kuteketezwa, asije mmoja wao akawa amekosa moyoni.

Ipo karamu moja ya duniani inayopita zote kwa kazi ya kionjo, ingawa ni ndogo kuliko zote: meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe, "hata ajapo". Wengi hutoka pale wakijiuliza mbona kidogo hivyo. Wasome Marko 14:25. Mwenyeji, Yesu mwenyewe, alisema hatakunywa tena uzao wa mzabibu mpaka atakapounywa mpya katika ufalme wa Mungu. Kikombe chake bado kinangoja wageni.