Soksi za kubana kwa sisi wenye miguu mirefu

Nimezivaa miezi mitano, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya dukani. Ni soksi za kubana miguu, zinaishia chini ya goti, vidole viko wazi, daraja la 2, yaani kwenye kifundo zinakaba kwa milimita 23 hadi 32 za zebaki. Rangi wameiita "ya mwili". Mwili wa nani sijui, wangu si huo.

Mimi ni kinyozi hapa Tanga, nasimama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku. Donda lililonifikisha kwenye soksi hizi lilianzia juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, mguu wa kushoto. Ngozi ilitangulia kuwa nyeusi kama iliyoungua, kisha ikaachia. Miaka miwili nimelipaka asali, unga wa kapsuli za rangi mbili, na mizizi ya mzee mmoja wa Pongwe. Mtaani wakasema kisukari. Nimepima mara nne, sina. Waliobaki wakasema nimekanyaga kitu. Donda ndugu halikosi wasemaji.

Aliyefumbua fumbo ni daktari aliyeniangalia uso kabla ya mguu. Kinyozi asiye na ndevu, miguu mirefu kuliko kiwiliwili, ndoa ya miaka tisa bila mtoto. Akaagiza kipimo cha kromosomu, majibu yakaja 47,XXY. Hali hiyo inaitwa Klinefelter: mwanamume aliyezaliwa na kromosomu X moja ya ziada. Akanieleza kuwa damu yetu huganda kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kwa urahisi kuliko ya wanaume wengine, ndiyo maana donda ambalo kwa kawaida ni la wazee limenikuta na miaka 38. Pale kwake nilikaza. Nililia kwenye daladala.

Sasa soksi. Kwanza donda lilifungwa bandeji za tabaka kwa tabaka, zikibadilishwa kila wiki, mpaka likafunga. Soksi ni za kulizuia lisirudi. Na kabla ya kubanwa chochote nilipimwa presha ya mkono na ya kifundo, kwa sababu kama mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, kubana huko kunaweza kuuharibu mguu kabisa. Anayetaka kukuuzia bila kukuuliza kuhusu kipimo hicho, mkimbie.

Jozi ya kwanza niliinunua duka ambalo silitaji. Muuzaji aliniuliza, "Kaka, unavaa namba ngapi?" kama nanunua raba. Soksi ikaishia katikati ya muundi, ikajikunja juu ikawa kamba. Jioni mguu umevimba juu ya mkunjo, na elfu 60 yangu imekwenda. Hizi za sasa nilipimwa kwa futikamba ya fundi cherehani: kifundo, shavu la mguu, halafu urefu kutoka kisigino hadi goti. Kwetu sisi kipimo hicho cha mwisho ndicho chenye kesi. Sema wazi unataka ndefu. Nililipa elfu 95.

Kuzivaa ni mieleka. Unavaa kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba. Glovu za kuoshea vyombo zinasaidia kushika. Mke wangu aligundua njia bora: unavalisha mguu mfuko laini wa plastiki, unapitisha soksi juu yake, kisha unauchomoa mfuko kupitia vidoleni. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku 2019, ila mmoja ulikuwa umejificha uvunguni, na sasa tunautunza kuliko hati ya kiwanja.

Joto la Februari lilinitesa, chini ya goti kunawasha. Nafua kwa mkono, naanika kivulini. Kisigino kimeanza kulegea, na niliambiwa mapema kwamba ikifika miezi sita ninunue nyingine, kwa hiyo weka akiba.

Ngozi bado nyeusi, lakini imefunga. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile rangi.