Uzoefu wangu: gari la kukodi kutoka Moshi hadi msitu wa Amani

Nimesita kuandika haya kwa muda mrefu, kwa sababu sehemu moja ya huduma tuliyopewa ilikuwa nzuri sana. Hata hivyo, kila ninapokumbuka jinsi mama yangu alivyojibiwa kwenye simu, moyo unanichafuka, na sioni haki ya kunyamaza wakati majirani zangu hapa Moshi wanaendelea kulipa fedha zao katika ofisi ileile. Jina la kampuni hiyo ya kukodisha magari sitaliandika.

Tulikodi Hiace pamoja na dereva, mvua za vuli zilipokuwa zinaelekea kwisha, kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Safari ilikuwa ya mama. Marehemu baba aliwahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa malaria kule Amani, na wao wawili waliishi huko walipokuwa bado wachanga katika ndoa, kwa hiyo mama alitaka kuiona tena ile miti mikubwa na zile nyumba za watumishi angali ana nguvu za kutembea. Jambo hili tulilieleza ofisini waziwazi, tukataja hata mlima wa kupanda, nao wakatuhakikishia kwamba gari limefanyiwa sevisi na liko tayari kwa safari ndefu.

Kutoka Himo hadi Same, Mombo, Korogwe na Segera, sina la kulalamika. Dereva hakukimbiza gari, alisimama kila mama alipohitaji kunyoosha miguu, na Muheza alituchagulia machungwa mwenyewe. Baada ya Muheza barabara ilikuwa ya vumbi na mawe, lakini tulifika geti la Sigi salama, tukalipa kiingilio, tukaangalia jengo la stesheni ya zamani ya reli ambayo Wajerumani waliijenga kwa ajili ya kusomba magogo. Pale Sigi uko kwenye mwinuko wa mita 450 hivi. Amani yenyewe ipo juu ya mita 900, na njia kati ya sehemu hizo mbili ni kona juu ya kona ndani ya msitu.

Katikati ya kona hizo gari lilichemsha. Mama, aliyekaa kiti cha mbele, ndiye aliyesema kwanza kwamba joto linampanda miguuni, na kabla hajamaliza kusema mvuke ukaanza kutoka chini yake. Dereva alimshusha kwa kumshika mkono, kisha akainua kiti, maana injini ya Hiace iko hapo chini. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Kilichonitia hasira si kupasuka kwake, bali nilichokiona kwa macho yangu mahali ulipopasukia: palikuwa pamezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vikakazwa kwa waya mwembamba, na waya ule ulikuwa umeota kutu, huku vumbi na grisi vikiwa vimegandana juu yake. Hiyo haikuwa kazi ya jana wala juzi. Kuna mtu aliyejua kwamba mpira ule ni mbovu, akatukabidhi gari, akapokea fedha. Dereva alituambia kwamba yeye mwenyewe alipewa funguo asubuhi ileile ya safari, na ninamwamini.

Nilipiga simu ofisini. Jibu la kwanza lilikuwa, "Dada, gari ni chuma." Jibu la pili lilikuwa amri: dereva afungue rejeta, ajaze maji, tuendelee. Dereva alikataa, na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa bado inachemka maji hufoka na kumbabua mtu usoni, na maji ya baridi yakiingia ghafla katika injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi. Mtu wa ofisini alianza kumtukana. Ndipo mama akaniomba simu, akasema kwa upole, "Hujambo, mwanangu?" Kijana yule, badala ya kumwamkia, alisema, "Nani tena huyu?" kisha akakata simu. Mama ana zaidi ya miaka sabini. Hakusema neno, alinirudishia simu na kwenda kukaa juu ya jiwe kando ya barabara, na mimi hadi leo sijapata maneno ya kumtoshea kijana yule.

Tulisubiri hapo muda mrefu, na lazima niseme kwamba msitu wenyewe haukutudhulumu chochote. Milima hii ya Usambara Mashariki inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, upepo unapanda, unapoa, na kuleta mvua na ukungu unaoilisha miti hii. Ipo yenye mizizi mipana iliyosimama kama kuta, mirefu kuliko watoto wangu. Mama alituonyesha msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, na hondohondo walipita juu yetu kwa kelele. Injini ilipopoa, dereva aliikata sehemu iliyopasuka, akauvuta mpira uliobaki hadi ukafika, akaubana kwa klipu, akachota maji kwenye kijito kinachoshuka kuelekea mto Sigi. Akatufikisha. Kama ningeandika tathmini yangu jioni ile, huenda ningewasifia.

Lakini tulifika giza likiingia na ukungu umefunika kila kitu, na asubuhi, kabla hata ya chai, ofisi ilipiga simu kudai gari lirudi mara moja kwa kuwa lina wateja wengine. Kwa hiyo bustani ya mimea ambayo Wajerumani walianza kuipanda mwaka 1902 hatukuiona, na zile nyumba mama alizitazama kupitia kioo cha dirisha, gari likiwa linatembea. Tuliwalipa bei kamili kwa hilo. Nilikuwa tayari kusema kwamba ni bahati mbaya, kwamba kampuni ni ya wastani na dereva wao ni hodari, hivyo mtu akikagua gari kwanza anaweza kuwakodi. Maneno hayo nayafuta. Tulipofika Moshi, mbele yetu, tajiri alimwambia dereva kwamba gharama ya mpira mpya itakatwa kwenye mshahara wake. Mtu aliyeokoa injini yao alipe mpira ambao wao waliuficha chini ya tyubu ya baiskeli!

Msiwakodi. Nimewaandikia barua kudai mambo matatu: sehemu ya fedha zetu irudishwe, dereva asikatwe hata senti moja, na kijana wa ofisini afike nyumbani kwetu amwombe mama radhi ana kwa ana. Fedha naweza kuzisamehe. Hayo mengine mawili siyaachi.